Skurubu ya choki imedondokea kwenye kabureta, Corolla KE70 (injini 4K): inamisi na kupiga chafya. Nifungue hedi?

kimara_4K

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie kusoma dalili kabla sijamruhusu mtu ashike spana tena.

Gari ni Toyota Corolla KE70, injini 4K ya cc 1290, kabureta ya Aisin yenye makoo mawili, choki ya kuvuta kwa waya, bado inatumia platini (vigusio vya kukata umeme ndani ya distribyuta). Tatizo la mwanzo lilikuwa dogo: sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) haitulii kwenye foleni na harufu ya petroli inazidi. Fundi alikuja nyumbani, akafungua kifuniko cha kabureta ikiwa juu ya injini, akasafisha jeti kwa spirei na hewa, akafunga.

Ilipowashwa iliitika, ila baada ya sekunde chache ukaanza mlio wa chuma, ka-ka-ka-ka, unaofuata mzunguko wa injini. Ilikwenda kama nusu dakika, ikazimwa. Mara ya pili mlio ulikuwa umepungua sana, lakini sasa injini inamisi (silinda inaruka bila kuwaka) kwa mpangilio uleule, inapiga chafya kwenye kabureta (moshi na mlipuko mdogo vinarudi juu), na eksozi inatoa moshi mweusi. Sailensi hakuna kabisa, mpaka uishike kwa mguu.

Nilipofungua boksi la filta ya hewa nikakuta kipepeo cha choki kimeshikwa na skurubu moja badala ya mbili, na kimekaa upande. Fundi anashauri nipige resi kubwa, kwamba kilichoingia kitatoka chenyewe kwa njia ya eksozi.

Maswali yangu: je, dalili hizi ni za skurubu ndani ya silinda, au kabureta yenyewe imefungwa vibaya? Naweza kujua ni silinda ipi bila kung'oa hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda)? Na hilo la kupiga resi lina ukweli? Gari limeegeshwa uani, sijaliwasha tena.

---

spana_12

Mkuu, umefanya vizuri kutoliwasha. Liache hivyohivyo na uchomoe nyaya za betri.

Kuhusu kupiga resi, hapana. Pistoni ikifika juu kabisa, nafasi kati yake na sehemu bapa ya hedi ni ndogo kuliko unene wa skurubu, ndiyo maana umesikia ka-ka-ka: pistoni ilikuwa inaigongesha kwenye hedi kila mzunguko. Hedi ya 4K ni alumini, na pistoni ni alumini. Ukiongeza resi unaongeza idadi ya vipigo kwa dakika na nguvu ya kila kipigo. Ni kweli kipande kikisagika vya kutosha kinaweza kupita valvu ya eksozi, lakini kinaweza pia kubanwa kwenye kiti cha valvu na kuipinda. Kuna hatari nyingine ambayo watu hawaifikirii: injini yako inapiga chafya. Chafya inarudisha gesi kwenye manifoldi (bomba la matawi linalotoka kabureta kwenda kila silinda), na gesi hiyo inaweza kubeba kipande kikatoka silinda moja na kuvutwa na silinda ya jirani. Ulianza na silinda moja mbovu, unamaliza na mbili.

Mlio kupungua si dalili ya usalama. Ama kipande kimesagika, ama kimejikita kwenye alumini, ama kimenasa mahali. Hilo la kunasa ndilo ninaloliwazia zaidi, kwa sababu ya hiyo chafya.

Anza na kitu cha dakika moja: chukua sumaku uiguse ile skurubu ya choki iliyobaki. Ikishika, ni chuma, na sumaku ya fimbo itakusaidia kutafuta. Isiposhika, ni shaba nyeupe au shaba ya njano, na sumaku haitakufaa kitu. Usipoteze siku nzima ukizungusha sumaku kwenye tundu la plagi. Ipige picha skurubu hiyo kando ya rula, upate urefu na unene wake, maana baadaye utahitaji kulinganisha na vipande utakavyopata.

Kisha plagi. Kabla ya kuchomoa nyaya, ziwekee alama 1, 2, 3, 4 kuanzia upande wa radieta, na uhakikishe zilikuwa zimepangwa sawa kwenye distribyuta: mpangilio wa kuwaka wa 4K ni 1-3-4-2. Nyaya mbili zikibadilishana mahali, injini inamisi na kupiga chafya vilevile, na marekebisho yake hayana gharama. Puliza hewa kuzunguka kila plagi kwanza, mchanga usije ukaanguka ndani ukaongeza tatizo juu ya tatizo. Zing'oe zote nne, zipange kwa namba juu ya gazeti. Plagi ya silinda iliyopokea skurubu huwa inajitaja yenyewe: ncha imegongwa, nafasi ya cheche imefungwa au imekaribia kufungwa (inatakiwa iwe kama milimita 0.8 kwa mfumo wa platini), kaure imepasuka, au kuna madoa ya metali. Kaure ikiwa imevunjika, hesabu na hiyo kama uchafu wa kutafutwa. Ni ngumu na inakwangua ukuta wa silinda.

Plagi zikiwa nje, zungusha injini kwa mkono, spana kwenye boliti ya puli ya krenki, kwa mwelekeo wa saa ukitazama kutoka mbele, mizunguko miwili kamili. Zungusha taratibu na usikilize mkono wako. Ikigoma mahali, usilazimishe: rudisha nyuma kidogo, weka alama kwenye puli, na utuambie ni pistoni zipi ziko juu wakati huo. Kwenye injini hii 1 na 4 hupanda pamoja, 2 na 3 pamoja.

Halafu kamera. Zile kamera za waya zinazochomekwa kwenye simu, kipenyo milimita 5.5, zinapita bila shida kwenye tundu la plagi la milimita 14. Kariakoo zinapatikana kwa wauza vifaa vya simu. Tazama kichwa cha pistoni ikiwa chini: utaona vishimo vinavyong'aa kwenye kaboni nyeusi. Vishimo vidogo vya kina kisichofika milimita moja, vyenye kingo zilizolala, injini inaishi navyo. Ukingo uliosimama kama wembe utawaka mwekundu na kuwasha mchanganyiko kabla ya cheche. Huo lazima ulainishwe, na hapo hedi inatoka. Ufa kwenye pistoni hauna mjadala.

Leta majibu ya hayo kwanza. Kupima kompresheni (mgandamizo wa kila silinda) kunafuata.

---

mama_gereji

Nakubaliana na spana_12 juu ya kutowasha, ila naongeza jambo moja la kufanya kabla hata ya kamera: chomoa stiki ya oili, itazame na uinuse.

Moshi mweusi na harufu ya petroli tangu mwanzo vinaniambia kabureta hiyo ilikuwa inafurika kabla fundi hajaigusa. Nidili ya boya (sindano inayozuia petroli bakuli likijaa) ikishindwa kufunga, petroli inajaa bakuli, inamwagika kwenye koo, inaingia silinda, inapita kwenye ringi na kuishia kwenye oili. Stiki itaonyesha kiwango kimepanda juu ya alama, na oili itakuwa nyepesi kama maji ya mchele. Oili ya namna hiyo haibebi beringi za krenki. Zikianza kuliwa utasikia mlio mwingine wa chini, mzito, na mtu ataendelea kuusingizia skurubu.

Tena petroli ikijaa silinda moja kupita ukubwa wa chumba cha kuwakia, kimiminika hakibanwi. Ukipiga selfu unapinda konekting rodi. Ndiyo sababu plagi zinatoka kabla ya selfu. Na mkizungusha injini plagi zikiwa nje, chomoeni kwanza waya mwembamba wa koili. Petroli itarushwa nje ya matundu kama ukungu, na cheche moja ya waya wa plagi uliokaa hewani inatosha kuwasha boneti nzima. Kizimamoto kiwe karibu, gari liwe nje, si ndani ya banda.

Kipepeo cha choki kinachoning'inia kwa skurubu moja nacho kina mchango. Kikikaa upande kinabana hewa muda wote kana kwamba umevuta choki, na hiyo peke yake inatosha kuleta moshi mweusi kwenye silinda zote nne. Kwa hiyo ndugu yetu, tenganisha mambo mawili: moshi mweusi ni wa kabureta, misi yenye mpangilio ni ya silinda moja. Ukizisoma kama dalili moja utafungua kitu ambacho hakina kosa.

---

jeti_safi

Niongeze kuhusu kabureta, kwa kuwa ilifunguliwa ikiwa juu ya injini.

Skurubu siyo kitu pekee kinachoweza kuwa kimepotea. Chini ya njia ya pampu ya kuongezea mafuta (ile inayorusha petroli unapokanyaga) kuna gololi ndogo ya chuma na kizito chake. Kifuniko kikitoka na mtu akapuliza hewa, gololi inaruka. Ikiruka kuelekea kooni, inakwenda palepale ilipokwenda skurubu, na yenyewe ni ngumu kuliko shaba. Namna ya kujua: injini ikiwa imezimwa na bakuli lina mafuta, tazama kooni kwa tochi na uvute waya wa mafuta kwa mkono. Lazima uone mshipa wa petroli unaruka papo hapo, mnyoofu. Ukiona unadondoka tu au unachelewa, gololi haipo au imekaa vibaya.

Jeti kuu mbili pia hubadilishana mahali kwa urahisi. Kila moja imechongwa namba yake; yenye namba ndogo inakaa upande wa koo la kwanza, yenye namba kubwa koo la pili. Zikigeuzwa gari linakunywa mafuta kwenye mwendo wa kawaida, kisha linakosa nguvu ukikanyaga mpaka chini. Na msizizibue kwa waya wa chuma. Shaba ni laini, tundu likipanuka kidogo tu jeti imekuwa ya namba nyingine.

Kwa kufurika, kabureta yako ina kioo kidogo kwenye bakuli. Usawa wa petroli unatakiwa uwe katikati ya kioo, gari likiwa mahali tambarare. Ukiwa juu ya hapo, toa nidili na kiti chake uvitazame: pete iliyochongeka kwenye ncha ya nidili ina maana inabadilishwa pamoja na kiti chake. Boya litikise sikioni. Ukisikia mlio wa maji, limetoboka na limezama.

Sailensi kukosekana kabisa kunaweza kuwa waya wa solenoidi (kifaa cha umeme kinachofungua njia ya sailensi) ambao haukurudishwa. Kama kabureta yako inayo, washa swichi bila kupiga selfu, gusisha waya na uondoe: lazima usikie "tik". Bila hiyo njia ya sailensi imefungwa, na injini inaishi tu ukiwa umekanyaga.

Mwisho, kama kuna silikoni yoyote imepakwa kwenye gasketi za kabureta, ikwangueni yote. Petroli inaivimbisha, inakatika vipande, na vipande vinaziba jeti. Gasketi ya karatasi ikae kavu.

---

kimara_4K

Nawashukuru sana wote. Nimefuata hatua kwa hatua, fundi mwingine akiwa kando yangu. Majibu:

Skurubu iliyobaki haishiki sumaku, ni shaba. Urefu milimita 6, unene wa nyuzi 3.

Nyaya za distribyuta ziko sawa, 1-3-4-2.

Plagi zote nyeusi na zimelowa. Ya namba 3 nafasi imefungwa kabisa na pembeni ina alama ya kugongwa. Kaure nzima.

Injini inazunguka kwa mkono mizunguko miwili bila kugoma popote.

Stiki: oili imepita alama ya juu kwa karibu sentimita moja, na inanuka petroli. Nimeimwaga.

Kamera: pistoni namba 3 ina vishimo kama saba au nane, kingo zimelala. Sijaona ufa. Skurubu sijaiona juu ya pistoni.

Pampu inarusha mshipa mzuri, kwa hiyo gololi ipo. Solenoidi inalia "tik". Usawa kwenye kioo uko juu kabisa, katikati hapaonekani.

Tukapima kompresheni: namba 1 ni psi 155, namba 2 ni 150, namba 3 ni 30, namba 4 ni 155. Tumeweka oili kijiko kimoja cha chai kwenye namba 3, ikapanda hadi 35 tu. Fundi anasema ringi zimekwisha, tufungue injini yote. Mnasemaje?

---

spana_12

Vipimo vizuri sana. Naomba uthibitishe tu kwamba mlipima kipepeo cha mafuta kikiwa kimefunguliwa mpaka mwisho na choki wazi, maana kikifungwa silinda zote zinasoma chini. Ila kwa kuwa tatu zimesoma 150 na zaidi, nadhani mlifanya hivyo.

Si ringi. Oili uliyoweka inaziba mwanya wa ringi kwa muda. Kama ringi ndizo zinazovujisha, namba 3 ingeruka kutoka 30 hadi 80 au 100. Imepanda 5 tu. Gasketi ya hedi nayo hutoboka mara nyingi kati ya silinda mbili jirani, ungeona namba 2 au 4 imeshuka pamoja nayo. Kinachobaki ni valvu isiyofunga. Na kwa kuwa injini inapiga chafya kwenye kabureta, siyo eksozi, naiwekea shaka valvu ya kuingiza hewa. Skurubu haionekani juu ya pistoni kwa sababu, kwa maoni yangu, imebanwa kati ya valvu hiyo na kiti chake.

Haya yanathibitishwa bila kufungua hedi.

Tafuteni plagi mbovu, vunjeni kaure yake yote itoke, mchomeleaji aunganishe kiungo cha mpira wa hewa kwenye ganda lililobaki. Hiyo ndiyo adapta. Pelekeni pistoni namba 3 juu kabisa kwenye mpigo wa kubana: ziba tundu la plagi kwa kidole huku mwenzako anazungusha krenki, kidole kikisukumwa, endelea mpaka pistoni ifike juu. Ingiza gia ya nne, vuta breki ya mkono, na ondoa spana kwenye puli, kwa kuwa hewa inaweza kuisukuma pistoni na spana ikaruka. Kisha weka hewa ya psi 40 hadi 60 na usikilize. Ikitoka kwenye kabureta, ni valvu ya intaki. Ikitoka kwenye bomba la eksozi, ni valvu ya eksozi. Kwenye mdomo wa kuwekea oili, ni ringi au pistoni. Mapovu kwenye radieta, gasketi ya hedi.

Halafu fungua kava ya valvu, pistoni ikiwa palepale. Pima nafasi ya roka (mkono unaokandamiza valvu) ya intaki namba 3 kwa filagaji (bapa nyembamba za kupimia mwanya). Kawaida ni milimita 0.20 intaki na 0.30 eksozi, injini ikiwa ya moto. Baridi itatofautiana kidogo, kwa hiyo linganisha na silinda nyingine. Valvu iliyobanwa wazi haipandi mpaka mwisho, shina lake linabaki chini ya wenzake, na nafasi ya roka inakuwa kubwa kupita kawaida. Weka rula juu ya mashina, utaona kwa macho.

Tazama pia pushirodi (fimbo inayosukuma roka) ya hapo. Ikizungushwa kwa vidole juu ya meza ya kioo lazima ibiringike bila kudunda.

---

kimara_4K

Tumefanya. Hewa inatoka kwenye kabureta kwa nguvu, sehemu nyingine kimya. Roka ya intaki namba 3 ina nafasi ya milimita 1.4, nyingine zote za intaki ziko 0.20 hadi 0.25. Pushirodi imenyooka. Sasa je, ni uchafu tu au valvu imepinda? Maana vyote viwili vitaonekana hivi.

---

mama_gereji

Swali zuri, na jibu lake linapatikana kwa mkono mmoja na nyundo ya plastiki. Ila kwanza toeni manifoldi.

Kwenye 4K intaki na eksozi ziko upande mmoja wa hedi na zinashirikiana gasketi moja, kwa hiyo zinashuka pamoja. Nunueni gasketi mpya kabla ya kulegeza nati, pamoja na ile ya chini ya kabureta. Maduka ya spea ya Shaurimoyo na Gerezani bado yanazo za injini za K. Nendeni na gasketi ya zamani au picha yake mkalinganishe matundu. Nati za eksozi zilizoliwa na kutu, na hewa yetu hii ya pwani inazila kweli, zipulizieni mafuta ya kulegeza usiku wa kuamkia kazi. Mkikata stadi kwenye hedi ya alumini mmejiongezea kazi ya siku nzima. Kabureta ikitoka, zibeni matundu yote ya hedi kwa kitambaa kikubwa kisichoweza kumezwa, isipokuwa tundu la namba 3.

Sababu ya kutoa manifoldi ni moja: kipande kikitoka kwenye kiti cha valvu tunataka kitoke nje kabisa, kisirudi ndani ya manifoldi kikasubiri safari nyingine.

Pistoni namba 3 ikiwa juu kwenye mpigo wa kubana, legeza roka ya intaki, iweke kando. Rudisha hewa, safari hii psi 60. Mtu mmoja ashike kitambaa cheupe mbele ya tundu la intaki, asiweke uso. Wewe gonga ncha ya shina la valvu kwa nyundo ya plastiki, kipigo chepesi cha kuifungua milimita mbili tatu na kuiachia irudi kwa springi. Usigonge kwa nguvu, pistoni iko juu na valvu itaikuta. Hewa itapita kwa kasi kwenye mwanya huo na kusukuma kilichokaa hapo. Rudia mara kumi ikibidi, na kila baada ya mara mbili tatu sikiliza kama mvujo umepungua.

Shina likipanda likalingana na wenzake na hewa ikakatika, ilikuwa uchafu. Shina likibaki chini, au likipanda lakini hewa bado inavuja sana, valvu imepinda au kiti kimechimbika. Hapo fungueni hedi bila kusitasita, hakuna ujanja mwingine.

Kusafisha kwa mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani nakataza kabisa kwa sasa. Mota yake inatoa cheche, na mna petroli mbichi ndani ya silinda. Kipande cha shaba kilicho juu ya pistoni kitoeni kwa waya wenye grisi nzito kwenye ncha.

---

kimara_4K

Dada, imetoka kwenye kipigo cha sita. Vipande viwili vya shaba vilivyobapatika, kitambaa kimevidaka. Hewa imekatika karibu yote, umebaki mnong'ono mdogo. Roka sasa inasoma 0.25. Kompresheni mpya kabla ya kurudisha manifoldi: namba 3 ni 138, nyingine kama mwanzo.

Niendelee kufunga?

---

spana_12

138 dhidi ya 155 ni pungufu ya asilimia 11 hivi. Inakubalika kuanza nayo. Kiti kina alama ndogo, na kaboni iliyogongwagongwa bado iko hapo. Mara nyingi inapanda kidogo injini ikishapata moto. Ingekuwa chini ya 120 ningekwambia hedi itoke valvu isagwe.

Lakini usifunge bado. Chukua vile vipande viwili uviweke kando ya skurubu iliyobaki. Je, vinatimia? Kichwa cha skurubu kipo? Mizani ya sonara itakupa jibu la uhakika kuliko jicho. Kama vinapungukiwa, kilichobaki kiko mahali pamoja kati ya matatu: ndani ya manifoldi (igeuze chini juu, igonge kwa mti, pitisha kamera kila tawi), juu ya pistoni namba 3, au kimeshapita eksozi. Tazama na silinda nyingine tatu kwa kamera kwa ajili ya ile chafya. Ukitazama namba 3 angalia vizuri pembezoni, pale pistoni inapokutana na ukuta. Kipande chembamba kikilala hapo kinakwangua silinda polepole bila mlio wowote.

---

jeti_safi

Wakati wa kurudisha: nidili na kiti vipya, usawa katikati ya kioo kabla ya kuwasha. Skurubu zote mbili za kipepeo cha choki weka mpya, paka tone moja la gundi ya nyuzi, kisha bana ncha zake kwa nyuma kwa koleo kama zilivyokuwa kiwandani. Kazi hiyo ifanyike juu ya meza, kabureta ikiwa imetoka. Usiache ile plastiki nene inayokaa kati ya kabureta na manifoldi. Bila hiyo joto linachemsha petroli kwenye bakuli, na kwenye foleni ya mchana utarudi kwenye tatizo ulilolianza nalo.

Skurubu ya mchanganyiko ifunge taratibu mpaka iguse, usikaze, kisha ifungue mizunguko miwili hadi miwili na nusu. Hapo ni pa kuanzia tu, utarekebisha injini ikiwa ya moto.

Oili 20W-50, karibu lita 3.5 pamoja na filta mpya. Ikishatulia, chomeka geji ya vakyumu kwenye manifoldi: huku kwetu usawa wa bahari, injini nzima inasoma inchi 17 hadi 21 na sindano haitikisiki. Sindano ikishuka kwa mpigo kila mara uleule, valvu namba 3 bado haifungi vizuri. Ikitulia chini ya 15, mwagia maji kwa chupa ya kupulizia kwenye maungio ya manifoldi. Mzunguko ukibadilika, gasketi inavuta hewa hapo.

---

mama_gereji

Na hiyo oili mpya imwage tena baada ya kilomita 200 hivi, pamoja na filta. Petroli iliyobaki kwenye njia za oili itachanganyika nayo. Likate ganda la filta ya zamani, usambaze karatasi yake juani. Ukiona chembe za njano, ni ile skurubu. Ukiona chembe za kijivu zinazong'aa, tuletee picha kabla hujaendesha tena.

---

kimara_4K

Nimepima kwa sonara. Skurubu nzima gramu 0.6, vipande viwili pamoja gramu 0.4. Kichwa hakipo. Kesho asubuhi tunageuza manifoldi.